Wadogo zangu wa SP-A na SP-D, zile protini za kinga za mapafu, hebu wekeni pipeti chini kidogo tuongee

Ijumaa iliyopita kwenye kikao cha maabara kijana wetu mmoja wa masters kasimama mbele na grafu yake, bar ya kwanza fupi, ya pili imepanda mpaka inagusa kichwa cha slaidi, na uso wake una ile furaha ya mtu aliyefungua matokeo ya form four akakuta division one. SP-A imepandisha TNF, ile ishara ya inflamesheni, kwenye makrofeji, seli zinazomeza wadudu, mara 12. Watu makofi. Mimi nikashika kichwa. Sio wivu jamani, ni kwamba ile grafu naijua, niliichora mwenyewe miaka tisa iliyopita, tofauti ni rangi tu, na ilinila miezi 14.

Nimekaa weekend nzima najiuliza niseme au ninyamaze. Nimeamua kusema, tena kwa wote, maana huyu sio wa kwanza, mwaka jana walikuwa wawili. Nawapenda sana ila mnanizeesha. Najua kalcha ya seli, ELISA (ya kupima protini kama TNF) na flow (ya kutambua seli kwa antibodi) mnazijua, sitarudia.

1. Acheni kuandika "protini za surfaktanti zinasaidia kinga" kama vile ni kitu kimoja.

Ziko nne na hazifanani. SP-B na SP-C ni vitoto, zinapenda mafuta, kazi yao ni ya surfaktanti yenyewe, ule utando wa mafuta unaozuia vifuko vya hewa visigandamane mtu akitoa pumzi. Dawa za surfaktanti wanazopewa watoto njiti, ile ya mapafu ya nguruwe na zile za ng'ombe, zinabeba mafuta na hizo mbili, maana zikishapitishwa kwenye solventi SP-A na SP-D zinabaki nje. Kwa hiyo ukisoma utafiti njiti kapewa surfaktanti halafu ukaanza kuandika kuhusu kolektini, yaani SP-A na SP-D, kwenye diskasheni yako, ujue hiyo kolektini umeileta wewe.

Zetu sisi ni A na D. Mkia wa kolajeni, kichwa cha kushika sukari, na bila kalsiamu kichwa hakishiki kitu. SP-A vipande 18, inakaa kama shada la maua, ukiiona unadhani ni C1q, ile protini ya kinga ya kwenye damu. SP-D vipande 12, mikono minne imetanuka kama X.

Na kama kuna mtu bado anadhani hizi ni za kuua wadudu tu, akaangalie panya. Wasio na SP-A walitengenezwa miaka ya tisini, wakazaliwa wakapumua vizuri tu, shida ikaonekana walipowekewa streptokoka wa grupu B mapafuni, wakashindwa kumsafisha. Sawa, hiyo ni ya kuua wadudu. Lakini wasio na SP-D, wa 1998, hao ndio walionifanya niipende hii fani: hakuna mdudu, hakuna moshi, panya kakaa zake kwenye keji safi, halafu mapafu yanajaa mafuta, makrofeji zinavimba na povu ndani, zinaanza kutoa vimeng'enya vya kula tishu na kadiri panya anavyozeeka vifuko vya hewa vinatanuka kama vya mvuta sigara. Yaani kuna mtu alikuwa anazituliza hizo makrofeji kila siku ya Mungu na hakuna aliyemjua mpaka alipoondolewa.

2. Vichwa na mikia.

Hii mnaijua, Gardai na wenzake, Cell, 2003. Narudia kidogo tu kwa sababu ndiyo iliyonimaliza. Kolektini ikiwa haijashika kitu, vichwa vyake vinakaa kwenye SIRPα, resepta ya makrofeji, SHP-1, kimeng'enya cha kuzima ishara, inaamka, breki zinashikwa, TNF inatulia. Mdudu akija, au seli iliyokufa, vichwa vinamkamata yeye, sasa mikia ndiyo inayobaki inaelekea kwenye seli, inashika resepta nyingine, kalretikulini iliyo na CD91, breki zinaachiwa na NF-κB, swichi ya jeni za inflamesheni, inawaka. Molekuli moja, jumbe mbili, na kinachoamua ni vichwa vimeshika nini.

Tamu eh? Ndiyo. Sasa angalieni ubaya wake. Ukipata TNF imeshuka unasema vichwa. Ukipata TNF imepanda unasema mikia. Modeli ambayo ina jibu la kila grafu ni hatari sana kwa mtu mwenye miaka 26 na deadline.

3. Mapupu.

Hii ndiyo yenyewe, kaeni vizuri.

Mimi sikuwa na hela ya kununua SP-A ya binadamu. Wenzetu wanaitoa kwenye maji yaliyoosha mapafu ya wagonjwa wa PAP, ugonjwa wa mapafu kujaa surfaktanti, wale ambao antibodi zao wenyewe zinazuia GM-CSF, ishara inayokomaza makrofeji, makrofeji zinashindwa kusafisha surfaktanti, inajaa mpaka mgonjwa anaoshwa mapafu kwa lita na lita za salaini. SP-A humo ni ya kumwaga. Mimi mgonjwa wa PAP ningemtoa wapi. Nikaenda machinjioni.

Saa kumi alfajiri, gumbuti, ndoo mbili, barafu. Mzee mmoja wa pale alikuwa ananiita mwalimu, na kila siku swali ni lile lile, "mwalimu, haya mapupu ya kukaanga au ya kusoma?" Wiki ya kwanza nilipata hasara tupu kwa sababu mkaguzi wa nyama kazi yake ni kuchana, anatafuta TB, anatafuta vifuko vya minyoo, na pafu lililochanwa ukilijaza salaini linavuja kama gunia. Ikabidi nimfuate, nikae naye, chai, maandazi, mpaka akakubali kuniwekea machache ambayo kayapapasa tu bila kuyachana, kwa sharti nikimaliza niyarudishe yachomwe. Najivunia ile diplomasia mpaka leo. Ndiyo kitu pekee nilichofanya vizuri mwaka ule.

Sasa nilichokiona nikakipuuza. Ng'ombe akichinjwa anavuta pumzi za mwisho, na pamoja na damu anavuta na vilivyopanda kutoka tumboni. Mara kwa mara nilikuta vijani vya kijani kwenye koo la hewa. Majani. Yametoka kwenye tumbo lenye bakteria mabilioni, wengi gramu-hasi. Unajua nilifanyaje? Nilisuuza. Nilisuuza na salaini mara mbili nikaendelea kuosha pafu kwa ndani, nikazungusha kwenye sentrifyuji kuondoa seli, nikazungusha tena kwa kasi kupata surfaktanti, butanoli ya kutoa mafuta, sabuni ya oktili glukosidi, halafu dayalisisi siku tatu kwenye bufa ya Tris. Na maji ya hiyo Tris yalikuwa ya distila ya maabara jirani, yaliyokaa kwenye tangi la plastiki ambalo hakuna mtu hai anayekumbuka lilioshwa lini.

Lakini nilipitisha otoklevu! Hivyo ndivyo nilivyokuwa najibu, tena kwa kujiamini. Wadogo zangu, otoklevu, yaani mvuke wa joto na presha, inaua bakteria, LPS yake, ile endotoksini ya ganda la gramu-hasi, inabaki pale pale inakuangalia. Glasi ili itoke LPS inaokwa kavu, nyuzi 250, nusu saa. Maji hayaokwi, maji yananunuliwa yasiyo na endotoksini, iwe ghali isiwe ghali.

Jeli ilikuwa nzuri mno, bendi pale pale zinapotakiwa, kati ya kilodaltoni 28 na 36, hakuna takataka. Niliipiga picha nikamtumia mama. Coomassie, rangi ya jeli, haipaki LPS, kwa hiyo jeli safi haimaanishi protini safi, ila wakati ule kwangu safi ilikuwa safi.

Nikaiweka kwenye seli. TNF juu. Nikaongeza dozi, TNF juu zaidi. IL-6, ishara nyingine ya inflamesheni, nayo. Nikarudia mara tano, ikanipa hivyo hivyo, error bar ndogo za kupendeza. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba uchafu unarudika vizuri kuliko biolojia. Chupa ile ile, uchafu ule ule, jibu lile lile, unaita hiyo ripiti.

Na hapa ndipo modeli ya vichwa na mikia ilipokuja kunimalizia. Nikaandika kurasa nne kwamba SP-A ya ng'ombe inatoka pafuni vichwa tayari vimeshika vitu, kwa hiyo mikia iko wazi, kwa hiyo CD91, kwa hiyo NF-κB. Ukiangalia vibaya nilikuwa karibu na ukweli! Vichwa kweli vilikuwa vimeshika kitu. SP-A inashika lipid A, sehemu ya mafuta ya LPS. Nilikuwa nimetengeneza mtego wa LPS, nikautembeza kwenye tangi la maji machafu siku tatu, halafu nikashangaa makrofeji zinapiga kelele.

Kibaya zaidi niliweka na antibodi ya kuzuia CD14, resepta ya makrofeji, TNF ikashuka, nikaruka ruka, maana SP-A inajulikana kushika CD14. LPS pia inapitia CD14. Nililijua hilo tangu undergraduate, nililifanyia mtihani, nilipata A. Kichwa cha mtu anayetaka jibu fulani kinafunga milango chenyewe.

Supavaiza alifurahi, tukapeleka bango kwenye mkutano. Mkutano wa kiingereza mwanzo mwisho, lakini akaja mzee mmoja profesa mstaafu, kasimama mbele ya bango langu dakika kama tano hasemi kitu, mikono nyuma, halafu kwa kiswahili, "binti, umechemsha?"

Watu wakacheka. Mimi nikahisi damu imepanda usoni, nikajua mzee ananiambia nimefeli mbele za watu. Nikajibu kwa adabu yenye kiburi, sidhani mzee wangu, data iko wazi. Akasema hapana hapana binti, nauliza protini. Uliichemsha ukaiweka kwenye seli?

Sikuwa nimeichemsha.

Hakuongeza neno. Alinigonga begani akaenda kunywa chai. Niliporudi nikachukua mirija miwili kutoka stoki ile ile, mmoja nikaacha, mmoja nyuzi 95 nusu saa. Protini ikipikwa inapoteza umbo, vichwa vinakufa, haina kazi. LPS haijali kabisa, inatoka kwenye joto kama ilivyoingia. Asubuhi yake nikasoma ELISA, bar mbili ziko sawa. Sawa kabisa. SP-A yangu iliyokufa ilikuwa inafanya kazi nzuri kama iliyo hai.

Nikaweka polimiksini B, inayoshika lipid A, TNF ikaanguka mpaka chini. Nikaazima kipimo cha LAL, kinachopima endotoksini, sampuli ikapita stendadi ya juu kabisa, nikadailuti mara mia bado inang'aa njano. Nilienda kulia kwenye chumba cha baridi kwa sababu feni ya mle ina kelele, mtu akipita hasikii. Kumwambia supavaiza kulinichukua siku nne. Nilimuonyesha bar mbili, akakaa kimya muda mrefu, halafu akauliza imebaki protini kiasi gani. Hilo tu. Andiko lilikuwa limebakiza wiki mbili litumwe, tukalifunga.

Tulipokuja kuisafisha kweli, polimiksini pamoja na oktili glukosidi na EDTA, maji ya kununua, glasi za kuoka, SP-A peke yake haikufanya chochote kwa makrofeji. Bar bapa. Ila ukiitanguliza halafu ukaweka LPS ile laini yenye mnyororo mrefu wa sukari, TNF ilipungua. Kazi ya kutuliza, ile ambayo panya walikuwa wameshatuonyesha. Na hata hapo usiandike "LPS" tu ukaondoka, andika ni laini au ni ile ya kukwaruza iliyokatwa mnyororo, kwa sababu SP-A inazichukulia tofauti, na nusu ya ugomvi wa papers za zamani, huyu anasema inawasha huyu anasema inazima, ulikuwa wa aina ya LPS na usafi wa protini.

Kwa hiyo: chemsha, polimiksini, LAL. Zote tatu, kila bechi, na kabla ya seli sio baada ya grafu. Na wewe unayesema "dada mimi nimenunua, sio ya machinjioni", soma nyuma ya chupa. Ikiwa ni kichwa na shingo tu, kilichotengenezwa ndani ya E. coli, bakteria gramu-hasi, basi umenunua protini iliyozaliwa ndani ya LPS.

4. Kalsiamu. Umetoa protini kwa EDTA, inayonyakua kalsiamu, halafu unaimwaga kwenye seli na EDTA yake halafu unalalamika haishiki, au unatumia PBS ya kawaida isiyo na kalsiamu, au RPMI, maji ya kukuzia seli, ambayo ina kama 0.4 milimola tu. Ongezeni. Nimesema hii mara nyingi mpaka nimechoka na sauti yangu.

5. Vichwa vya SP-D vinapenda maltosi na glukosi, na DMEM, maji mengine ya kukuzia seli, ya sukari nyingi ina milimola 25 za glukosi. Malizia mwenyewe.

6. FBS, seramu ya kijusi cha ng'ombe, ina kolektini za ng'ombe ndani yake, konglutinini mojawapo, ndugu wa karibu wa SP-D, kwa hiyo "kontroli isiyo na kolektini" yenye asilimia 10 ya seramu sio kontroli.

7. Msivotekse. Msigandishe na kuyeyusha mara sita. Na msiandike "SP-D" kama jina linatosha, semeni ni ya vipande 12 au vitatu, kwa sababu nitriki oksidi ikiishika kwenye sisteini zake ile X inavunjika vipande vitatu vitatu, mikia inakaa wazi na protini ya kutuliza inageuka ya kuita moto. Kwenye pafu lenye inflamesheni hilo linatokea lenyewe. Kwenye friza yenu linatokea la kwake pia, zinagandana tu, na mnaliita donor variation. Endesheni jeli isiyo na SDS, sabuni inayovunja umbo la protini, mara moja kwa mwezi, sio adhabu.

8. Makrofeji za vifuko vya hewa za panya zina CD11c, alama inayojulikana ya seli za dendritiki, juu. Sio dendritiki. Weka antibodi ya Siglec-F, angalia na CD11b iko chini, na kumbuka zinang'aa zenyewe bila antibodi yoyote, kwa hiyo kontroli isiyopakwa iwe ya seli hizo hizo, sio za wengu. Kuna mtu hapa, simtaji, yuko kwenye mwaka wa pili, aligundua "populesheni mpya".

9. TB. Najua wengi mnataka kuja huku kwa sababu ya TB, na mnafaa kuja, ugonjwa ni wetu. Lakini proposali tatu nilizosoma mwezi huu zote zina sentensi ile ile, "SP-A na SP-D humkinga mwenyeji dhidi ya Mycobacterium tuberculosis". Kwenye sahani hizi ndugu wawili zinavuta kamba pande mbili. SP-A inapandisha resepta ya manosi kwenye makrofeji na bakteria anamezwa zaidi. SP-D inashika LAM, mafuta yenye sukari kwenye ganda lake, na anamezwa kidogo. Sasa kwa mdudu mwingine yeyote ungesema kumezwa ni vizuri, ila huyu makrofeji ndiyo nyumba yake, anataka kumezwa, kwa hiyo nani anamsaidia nani? Mimi nilimuuliza hivyo mwenye proposali ya kwanza, akaniangalia, akasema dada si itategemea? Nikamwambia haya, itategemea nini, kaandike hiyo. Karudi na kurasa mbili nzuri sana kuhusu makrofeji ziko kwenye hali gani bakteria anapofika, ameingilia mlango gani, na ndani ya fagosomu, kile kifuko anamomezwa, kinatokea nini baada ya hapo. Yule atafika mbali akiacha kuchelewa.

10. BAL, yaani maji ya kuosha mapafu, inadailuti. Pima yurea kwenye BAL na kwenye damu ndipo useme SP-D imepungua, la sivyo umepima jinsi daktari alivyorudisha salaini.

Kuna ya 11 kuhusu kuosha panya kwa mililita moja moja badala ya kumjaza zote kwa mkupuo, ila hiyo njooni benchi niwaonyeshe.

Turudi kwa kijana wa Ijumaa. Sikumsema mbele za watu. Nilimsubiri nje karibu na friza, nikamuuliza kwa sauti ya chini kabisa, mdogo wangu, umechemsha? Akacheka, akadhani nimemtania, akasema dada mbona makofi umeyasikia. Nikamweleza. Uso ukabadilika taratibu, nikaona kabisa anahesabu miezi.

Jana saa tano usiku simu ikaita ujumbe: "Dada nimechemsha. Bar ziko vilevile." Nikamjibu alale, kesho saa mbili aje na chupa ya protini, na ile galoni ya maji anayotumia kutengenezea bufa, asiioshe.